Jibu kwa dada wa Nyalenda, Kisumu: mafunzo ya uigizaji bila kuhamia Nairobi

Nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu nilikuwa wewe. Kwa watakaoingia hapa bila kuliona: dada amemaliza Kidato cha Nne, drama ya shule ilimfikisha hadi mashindano ya taifa, mamake anamwambia atafute kozi ya maana, na kuna jamaa anamtaka shilingi 15,000 za "akademia" ya wiki sita yenye cheti. Anauliza alipe, au afuate ushauri wa wengi hapa wa kupanda basi la Nairobi. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2012 nililipa 12,000, pesa ya ng'ombe wa babangu, kwa watu fulani wa Nairobi ambao sitawataja. Jumamosi nne. Tulikuwa zaidi ya 40 ndani ya chumba kimoja cha ghorofani, na katika hizo Jumamosi zote nilisimama kuigiza mara mbili, dakika tatu tatu. Muda uliobaki tulisikiliza hadithi za mkufunzi na watu maarufu anaowajua. Cheti nilipewa, kina muhuri wa rangi ya dhahabu, nacho mpaka leo. Tangu siku hiyo nimefanya kazi na vikundi vingi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, hebu tuone cheti.

Nilirudi Nakuru nimenyong'onyea, nikaanza kushinda pale Nakuru Players Theatre bila kazi maalum. Nabeba viti, nafagia. Siku moja kikundi cha setibuku kikapungukiwa na mtu wa kuigiza askari mwenye sentensi sita. Hapo ndipo shule yangu ilipoanza.

Kazi ya setibuku unaijua kutoka upande wa mwanafunzi: kikundi kinakuja shuleni na tamthilia inayotahiniwa kwenye KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, kila mwanafunzi analipa kidogo, mnaitazama ukumbini. Upande wa pili ni hivi. Mnaamka saa kumi usiku, maleba, yaani mavazi ya kuigizia, kwenye magunia, watu tisa kwenye matatu ya watu kumi na wanne. Asubuhi mko Molo, saa nane mchana mko Kericho, kesho yake Kakamega. Mara nyingi jukwaa hakuna. Mnaunganisha meza za bwalo, moja ina mguu mfupi, na lazima wote mkumbuke ni ipi. Wanafunzi wamekula githeri sasa hivi na macho yanawalegea. Nyuma ya ukuta wapishi wanasugua sufuria, kwangara kwangara, na hawatanyamaza kwa ajili yako.

Mwelekezi wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kufundisha Kiswahili sekondari, sote tukimwita Mwalimu. Hakukaa mbele hata siku moja. Alijiketia mwisho kabisa, karibu na mlango, na daftari la kurasa 96 mapajani. Kila asiposikia neno alichora mstari mmoja, chini ya jina la aliyelimeza. Mkiwa njiani kurudi anasoma kwa sauti, bila hasira: fulani mistari mitatu, fulani mmoja, wewe kumi na saba. Sentensi sita, mistari kumi na saba! Niliuliza inawezekanaje, akaniambia kuna neno ulimeza mpaka na jirani zake.

Nikadhani dawa ni kupiga kelele. Wiki iliyofuata nilipayuka mpaka nikakauka koo, na mistari ikapanda ikawa ishirini. Akaniita pembeni, akanionyesha kitu kimoja tu: nilikuwa nikianza sentensi na pumzi nyingi na kuimaliza sina kitu, na kwa Kiswahili habari nzito mara nyingi imekaa mwishoni. "Sikuja kumkamata baba, nimekuja kumkamata mtoto." Hilo neno mtoto lilikuwa halifiki mlangoni. Akaniambia nivute pumzi ndogo, nianze chini, nimpelekee neno la mwisho mtu mmoja aliyekaa nyuma, kama ninayemrushia chungwa. Mwisho wa muhula nilikuwa na mistari minne. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu kikubwa zaidi ya hicho, na nilikuwa nikilipwa, ingawa ni 500 na chai.

Ndiyo maana nikisikia mtu anatafuta "mafunzo", swali langu ni moja: nani atakaa nyuma na daftari? Penye mtu wa aina hiyo pana shule, hata kama hakuna bango mlangoni. Asipokuwepo, hata ukumbi uwe na zulia na kiyoyozi, unalipia viti.

Kisumu yenyewe ina shule ya namna nyingine ambayo Nairobi wengi hawaijui vizuri, nayo ni michezo ya jamii. Nilihamia huko baadaye nikajiunga na kikundi kilichokuwa kikiigiza Kondele, Manyatta na Obunga kuhusu mambo ya afya. Hakuna pazia wala taa. Mnapiga ngoma, watu wanajaa, mnaigiza mpaka pale jambo linapokwama, kisha mmoja wenu anasimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji: mngefanyaje? Mwenye jibu anaingia mwenyewe kuliigiza. Mbinu hii msingi wake ni mwanatamthilia Augusto Boal wa Brazil, lakini mtu aliyekulia kwenye hadithi za jikoni, ambapo mtambaji hawezi kusonga mbele bila kuitikiwa, haimshangazi.

Siku moja nilikuwa mume anayemkataza mkewe dawa za TB. Tukasimamisha. Mama mmoja muuza omena akaweka beseni chini, akaingia akawa mke wangu, nami nikaanza kubishana naye nikidhani nitamshinda kwa maneno. Akanitazama tu, akawageukia watu: "Huyu nitaficha dawa ndani ya debe la unga. Lini umemwona anapika?" Kondele nzima ikaangua kicheko, na mimi sikuwa na la kujibu kwa sababu mhusika wangu kweli hakuwahi kupika. Nilikuwa nimekariri hasira yake bila kujua anaishije nyumbani kwake. Tangu hapo, kabla sijakariri chochote, najiuliza mtu huyu anajua unga unawekwa wapi.

Vikundi hivyo vingi vinategemea miradi. Mradi ukiisha posho inaisha, na kuna miezi utaigiza bure, kwa hiyo usiache kazi nyingine unayofanya. Lakini pale ndipo utajifunza kuigiza kwa Kiswahili na Dholuo ndani ya sentensi moja bila watu kushtuka, na huo ni ujuzi unaotafutwa.

Halafu kuna mlango ulio nyuma yako ambao naona umeusahau. Umefika taifa. Unajua ngazi zote za tamasha la drama la shule na vyuo, kuanzia kaunti ndogo, unajua majaji wanatafuta nini, unajua jinsi kwaya ya shairi inavyopangwa isionekane kama foleni ya benki. Shule nyingi huanza kutafuta trena, yaani mkufunzi wa drama, kuanzia muhula wa tatu ili zifike muhula wa kwanza zikiwa tayari. Usiende kuomba kuwa trena mkuu, hawatakupa na hupaswi kupewa. Nenda kwa mwalimu wako wa drama umwambie unataka kuwa msaidizi wake, yeye ashike mchezo, wewe ushike miili: nani anasimama wapi, nani anaingia lini. Ukimfundisha mtoto wa Kidato cha Pili kutembea jukwaani ndipo utagundua wewe mwenyewe hujui. Tena sasa mtaala mpya una somo la Tamthilia na Filamu kwenye mkondo wa Sanaa na Michezo katika sekondari ya juu, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026. Walimu wenye uzoefu wa jukwaa si wengi. Hapo mamako atakusikiliza.

Kwa upande wake mama, usimpuuze. Kama alama zako ni C+ kwenda juu, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kinafundisha tamthilia na filamu, na Kenyatta pia. Ni shahada kamili kupitia KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, si wiki sita. Kuna pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kule Tanzania, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981. Wanafundisha ngoma, muziki na maigizo, na nimewaona vijana waliotoka huko: mwili wao umefanyishwa kazi kweli kweli, mtu anaweza kuwa mti na ukaamini.

Na sisi wa magharibi tuna jambo ambalo watu wa Nairobi hawalikumbuki: Kampala iko karibu nasi kama Nairobi ilivyo. Huko kuna tamasha la kimataifa la tamthilia lililoanza 2014. Unapanda basi Kisumu, unavuka Busia kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Mimi nilienda na nauli, mkate na blanketi. Nilitazama michezo ya watu wa nchi tatu au nne ndani ya siku chache, na kikao kimoja ambapo mwandishi alisomewa mchezo wake ambao haujaisha, waigizaji wameshika karatasi, yeye ameinama anakata maneno kwa kalamu. Sikujua kwamba mchezo huandikwa hivyo. Nilidhani mtu anaamka nao.

(Wanaosema hapa kwamba mtu wa upande huu hawezi bila kuhamia jiji, mwandishi wa tamthilia marehemu Francis Imbuga alizaliwa Vihiga, hapo juu tu ukipanda kilima, na mchezo wake uliiwakilisha Kenya kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, kule Lagos mwaka 1977. Ndiyo, naye alifika Nairobi. Lakini alifika na kitu mkononi.)

Ushauri wa haraka kuhusu nyuma ya pazia: jifunze kazi moja isiyo ya kuigiza. Taa, sauti, maleba, au umeneja wa jukwaa, yaani yule anayeshika nakala yenye alama zote, nani anaingia na taa gani inazimwa. Nenda ukumbi wowote wenye shughuli, uwe Mama Grace Onyango hapo Kisumu au Nakuru Players, ujitolee kubeba nyaya. Waigizaji kumi wakiitwa, tisa wanarudi nyumbani. Anayejua taa anabaki na tena analishwa.

Ukipata wenzako mkataka kuanza kikundi, sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya jamii inataka wanachama wasiopungua kumi. Sajilini, kwa sababu pesa nyingi za miradi hazitumwi kwenye simu ya mtu binafsi. Na mkicheza setibuku, pateni ruhusa ya mwenye kitabu kwa maandishi. Hakimiliki Kenya inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo Shakespeare ni bure, wa juzi si bure. Nimeona kikundi kikizuiwa getini na mwalimu mkuu akiwa na barua ya mchapishaji mkononi, wanafunzi 400 wamekwisha kaa. Tulirudi na njaa. Ndiyo, nilikuwemo.

Video ya kuombea nafasi: dakika mbili au tatu, simu iwekwe kwa mlalo juu ya kitu kisichotikisika, mwili mzima uonekane, uso uelekee dirisha. Usiweke muziki. Usianze kwa kujieleza unavyoipenda sanaa, anza kuigiza. Niliwahi kukaa kwenye jopo la kuchagua vijana, na wale waliotumia dakika nzima kujieleza hatukumaliza kuwatazama.

Sasa huyo jamaa wa 15,000. Simjui, huenda ni mtu mzuri. Mwulize mambo matatu kabla hujatuma hata senti: tutakuwa wangapi, mimi nitasimama mara ngapi kwa wiki, na naweza kuja kutazama kipindi kimoja bila kulipa? Mwombe pia majina ya wawili waliomaliza, uwatafute mwenyewe. Akikasirika, umeshajibiwa. Akikujibu vizuri, rudi hapa uweke majibu yake tuyasome pamoja, na kama wanafunzi ni chini ya kumi na watano na kipindi cha kutazama kipo, mimi mwenyewe nitakuambia ulipe nusu kwanza.