Kwa wakili kijana anayeingia serikalini: anza na jibu

Vijana wengi wa sheria wanaoniomba ushauri wanaiona nafasi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama kilele cha ubingwa wa kubishana mahakamani. Nami niliiwaza hivyo nilipoacha uwakili wa kujitegemea. Lakini ibara ya 59 ya Katiba yetu ya Tanzania inamtaja kuwa mshauri wa Serikali kwa mambo ya sheria, na tangu 2018 mashauri ya madai yako kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu amebaki na ushauri na upekuzi wa mikataba.

Maoni yangu ya kwanza kuhusu mkataba yalifika kurasa tisa. Kesi nilizitaja, na kila hatari niliifuatisha na "hata hivyo". Mkuu wangu aliyasoma yote, akaniita. "Wakili, tusaini au tusisaini?"

Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeukeshea mkataba ule siku tatu. Uwakili ulinizoesha kumtetea mteja ambaye ameshatenda. Huyu alikuwa hajatenda. Alitaka kujua sheria inasemaje kabla hajashika kalamu. Tangu siku ile aya yangu ya kwanza ni jibu, kisha vifungu na sababu. Sheria ikikataza, naandika "hairuhusiwi", halafu natafuta njia halali ya kulifikia lengo lile lile. Hapo ndipo penye kazi ngumu, na ndipo ninapopapenda.

Msome Jaji Mark Bomani, Mtanzania wa kwanza kushika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu, 1965 hadi 1976. Baadaye alimsaidia Mwalimu Nyerere, kisha Mandela, katika mazungumzo ya amani ya Burundi; na 2007 aliteuliwa kuongoza kamati ya kupitia sekta ya madini, kabla ya Sheria ya Madini ya 2010. Wadhifa ulikwisha, watu wakaendelea kumwendea kwa ushauri.

Jingine: ukishauri kwa simu, andika dokezo siku hiyo hiyo na uliweke kwenye jalada. Niliwahi kuulizwa kikaoni nilichomwambia kiongozi miaka mitatu nyuma. Jalada likaletwa, dokezo la mistari minne likasomwa, tukaendelea na ajenda.