Yule nyoka wa ghalani sikupaswa kumuua

Mwaka wa kwanza tulipohamia shambani Muheza niliua nyoka saba. Nilikuwa nawahesabu, tena kwa majivuno. Wa saba nilimkuta ghalani kajikunja nyuma ya magunia ya mahindi, kahawia inayoelekea wekundu, hata mita moja hakufika. Nikampa jembe. Jirani yetu, mzee ambaye watoto wote wa kitongoji humwita babu, akaja kumtazama. Akamgeuza kichwa kwa kijiti, akanionyesha mistari miwili ya rangi ya maziwa kila upande: mmoja unaanzia puani na kupita jichoni, wa pili unatoka jichoni na kushuka hadi pembe ya mdomo.

"Mwanangu, umemuua mlinzi wako. Huyu chakula chake panya."

Ndiye nyoka wa nyumbani, hana sumu. Nilicheka. Miezi miwili baadaye panya walikuwa wametoboa magunia manne, na mama watoto hakuacha kunikumbusha nani alimfukuza askari. (Kile kijiti msikiige. Kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma.)

Tangu hapo nimejilazimisha kuwajua wageni wa uani kwangu. Si wengi. Ukijua watano au sita wa eneo lako umepunguza hofu kwa nusu. Lakini kuwajua huku kunafanyika ukiwa mbali. Nasimama hatua sita au saba, navuta picha kwa simu, ndipo natazama picha badala ya kumsogelea mwenyewe. Rangi naiweka mwisho. Kwanza natazama unene, umbo la kichwa, mahali alipo na anachofanya.

Kifutu, ambaye watu wengine wa pwani humwita moma au bafe, hana haja ya picha. Ni mfupi, mnene kama mkono wa mtu mzima, kichwa kipana, shingo imebanwa, na mgongoni ana alama zenye umbo la V zilizofuatana kama mshono wa mkeka. Ubaya wake ni kwamba hakimbii. Nyoka wengi wakisikia vishindo vyako wanaondoka, yeye analala pale pale kwenye majani makavu akiamini humuoni, na mara nyingi ni kweli humuoni. Unamkanyaga, anauma. Kwa hiyo kifutu nampiga vita kwa buti na tochi, kila nikitoka baada ya magharibi, hata kama naenda chooni tu.

Koboko ndiye anayesimuliwa kuliko anavyoonekana. Jina lake la Kiingereza, black mamba, na sifa zake zinawafanya watu watafute nyoka mweusi, kumbe mwili wake ni kijivu au rangi ya zeituni. Cheusi ni ndani ya mdomo, na ukifika hatua ya kuonyeshwa huo mdomo, umeshachelewa kurudi nyuma. Hupenda vichuguu vya zamani na miti yenye mashimo. Shambani kwangu kuna kichuguu kimoja ambacho silimi karibu nacho, na sioni haya kusema hivyo.

Wa kijani ndio walionisumbua zaidi. Kwetu nyoka yeyote wa kijani aliye mtini anaitwa ukukwi, basi. Lakini ndani ya jina hilo moja wamejificha nyoka watatu tofauti kabisa. Yupo mwembamba wa vichakani, mla vyura na mijusi, asiye na madhara. Yupo mamba wa kijani anayekaa kwenye miembe, minazi na mikorosho, kichwa kirefu kilichochongoka, sumu yake inalegeza misuli hadi pumzi. Na yupo boomslang, macho makubwa kupita kiasi, kichwa kifupi butu. Huyu dume huwa kijani na jike mara nyingi kahawia, kwa hiyo hata rangi yenyewe inakudanganya. Sumu yake inazuia damu kuganda, na dalili zinaweza kukawia saa nyingi ukajiona mzima. Mwaka 1957 mtaalamu mkubwa wa nyoka, Karl Schmidt, aliumwa na boomslang mdogo huko Chicago. Aliona si jambo kubwa, hakutafuta matibabu, akawa anaandika dalili zake daftarini. Kesho yake alifariki. Mtu aliyekula mkate kwa kutambua nyoka! Mimi nikiona kijani mwembeni, naita watoto ndani na maembe yanangoja.

Swila tulikutana naye bandani kwa kuku. Mdogo wangu alisikia kuku wanapiga kelele usiku, akaenda na tochi, akainama mlangoni. Nyoka akanyanyua kifua, akatanua shingo, akatema. Swila hufikisha mate mita mbili na zaidi, na hulenga uso. Kijana alirudi anapiga mayowe kaziba jicho. Majirani wakaanza: lete ndimu, lete mkojo wa mtoto. Nikamlaza chini ubavu, nikamwagia maji safi jichoni, ndoo nzima, polepole, yapata dakika ishirini, huku nimemshika mikono asilifikiche. Kisha bodaboda hadi zahanati. Jicho lilipona. Maji mengi na ya haraka, ndiyo dawa ya kwanza. Maji yakikosekana kabisa, hata maziwa yatasaidia kusafisha.

Kwa kuumwa, nilichoambiwa na tabibu wa zahanati ile ile nimekibandika ukutani. Mgonjwa atulie, asitembee kama anaweza kubebwa. Vua pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujafika. Funga kiungo kwenye ubao kama mtu aliyevunjika, kisitikisike. Usikaze kamba, usichanje, usinyonye, na lile jiwe jeusi la nyoka liache lilipo, halivuti sumu. Usimpe aspirini. Andika saa aliyoumwa. Halafu piga simu hospitali kabla ya kupanda pikipiki, maana si kila kituo kina dawa ya sumu ya nyoka, na saa moja ya kwenda mahali pasipo na dawa ni saa iliyopotea. Nyoka mwenyewe usimfukuze ili umpeleke. Kama kuna picha, inatosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na wengi ni watu wa jembe kama sisi, walio mbali na hospitali.

Nimejaribu kitunguu swaumu, chumvi, na mafuta ya taa kuzunguka nyumba. Nyumba ilinuka, nyoka wakaendelea kupita. Kilichobadilisha mambo ni kazi za kuchosha: kuni nimeziinua juu ya kichanja mbali na ukuta, majani nafyeka, matofali yaliyobaki kwenye ujenzi nimeyaondoa, chakula cha kuku hakilali nje, na nafasi ya chini ya mlango imezibwa kwa kipande cha mpira. Chandarua tunachomeka chini ya godoro pande zote, kwa sababu swila huweza kuingia ndani usiku na kumuuma mtu aliyelala.

Wiki iliyopita mama watoto aliniita ghalani, sauti ya chini, kwa sababu ilikuwa usiku na kwao usiku hawasemi nyoka. "Baba Zuhura, kuna kamba huku." Nikasimama mlangoni, nikavuta picha. Kahawia, mwembamba, mistari miwili kila upande wa kichwa. Tukazima taa, tukarudishia mlango.