Usihamishe akodi nzima kwa mara moja

Ndugu yangu, umesema wimbo uliowatungia korali yenu hapa Bukavu "unaruka" kila kinanda kinapobadilisha akodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), na sauti ya alto, ile ya chini ya wanawake, inapotea. Pole, najua uchungu huo. Naona unahamisha vidole vyote vitatu kwa pamoja.

Kaa kwenye kinanda, shika do-mi-sol. Acha do na mi palepale. Sol peke yake ipande la. Tayari uko kwenye akodi nyingine, yenye huzuni kidogo, na hakuna aliyeshtuka. Sasa mi ipande fa: do-fa-la. Kisha do iende re: re-fa-la. Hatua tatu tu, na kila mara noti mbili zimebaki zikimshika mwimbaji mkono. Alto wako atapenda sana.

Tafuta Preludi, yaani kipande kifupi cha piano, ya mtunzi Chopin, ya mi mineri, opus 28 namba 4, iliyochapishwa 1839. Mkono wa kushoto unarudiarudia akodi, na noti zake zinashuka kidogokidogo, mara nyingi nusu toni tu (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda), huku melodia mwanzoni ikibaki kati ya si na do. Msikilizaji anahisi ardhi inateremka chini ya mtu aliyesimama.

Turudi kwenye wimbo wako: besi, noti ya chini kabisa, usiiguse mapema. Iache ishikilie do wakati sauti za juu zinatembea, halafu ihamishe pale maneno yenyewe yanapogeuka, tuseme kutoka kilio kwenda shukrani. Ukiijaribu na korali, waimbe kwanza kwa silabi "la" badala ya maneno, polepole, bila kinanda.