Usianze na vina: nilivyojifunza kutunga nyimbo zangu mwenyewe

Wimbo wangu wa kwanza niliuandika kwa kalamu, beti nne kamili, kabla sijajua utaimbwaje. Vina vilikuwa vimenyooka: wako, yako, kwako, mwako. Nilipochukua gitaa nikajaribu kuuimba, ukagoma. Mahali pengine maneno yalijaa, pengine yakapwaya, na mishororo niliyoipenda kwenye karatasi haikukaa mdomoni. Nikauacha, nikiamini sina kipaji. Kumbe nilikuwa nimeanzia mwisho.

Siku hizi mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na sentensi moja anayoweza kumwambia mtu ana kwa ana. "Moyo wangu unateseka kwa penzi lako" haimpi msikilizaji chochote, ameshaisikia mno. Wimbo wangu wa kwanza uliosimama ulitokana na jambo dogo. Mtu wangu wa karibu alikuwa amehama, viatu vyake vikabaki mlangoni, na kila nikiingia navikuta. Sikutaja moyo wala machozi. Nilisema tu: viatu vyako bado viko mlangoni.

Itamke sentensi kama hiyo kwa sauti, polepole, tena na tena. Utasikia kwamba tayari ina tuni yake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: vi-A-tu, BA-do, m-la-NGO-ni. Melodi inayoufuata mkazo huo huteleza. Inayoupinga humkwaza msikilizaji hata kama hajui kilichomkwaza. Mimi niliitunga melodi yangu nikiwa na neno "mlango" kichwani, kwa hiyo noti ndefu ikaangukia "la": m-LA-ngo. Baadaye nikaongeza "-ni". Mkazo ukahamia kwenye "ngo", lakini noti yangu ndefu ikabaki pale pale. Rafiki yangu aliponisikiliza akauliza, "Mlango ni nini?" Alikuwa amesikia "mlango", kisha "ni" peke yake, akawa anasubiri neno linalofuata. Nikaisogeza ile noti silabi moja mbele. Sikubadilisha neno hata moja, na mshororo ukaeleweka.

Tangu siku hiyo siandiki ubeti bila kuuimba. Nahesabu pia mizani, yaani silabi za kila mshororo, ingawa si kwa ukali wa shairi la jadi lenye mizani 16 kwa mshororo, nane upande huu na nane upande ule. Ninachotaka ni mshororo wa kwanza wa ubeti wa pili uingie kwenye melodi ileile ya mshororo wa kwanza wa ubeti wa kwanza bila kusukumwa. Lugha yetu ina huruma katika hili. "Ninakupenda" ni mizani 5, "nakupenda" ni 4, na hakuna atakayelalamika. Hata ile "m" ya "mtu" ni silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo, kwa hiyo unaweza kuipa noti yake ukaivuta midomo ikiwa imefumba. Naipenda sana sauti hiyo.

Vina navyo ni vitamu, ila katika Kiswahili vinapatikana kirahisi kupita kiasi. Vitenzi vingi vinaishia na "a", na "-ako" unaweza kuipachika popote. Hapo ndipo hatari ilipo, maana kina kinaanza kukuchagulia la kusema. Ukijikuta umeandika neno ambalo usingelitamka katika mazungumzo, eti kwa sababu tu linafanana na la juu yake, lifute. Afadhali kina kilegee kidogo na maneno yabaki ya kweli.

Ala zisikusumbue. Kodi mbili au tatu za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinatosha, na kama huna ala, piga mapigo manne kwa kiganja juu ya paja na uimbe juu yake. Maneno yakichelewa, imba silabi zisizo na maana, la-la au chochote, ilimradi melodi isikatike. Na rekodi kwenye simu papo hapo. Kuna tuni niliyoipata usiku nikalala nayo nikijua nitaikumbuka asubuhi. Sikuikumbuka, na mpaka leo naionea uchungu.

Kiitikio ndicho kinachonichukulia muda mrefu kuliko yote. Beti zinasonga mbele na kisa, kiitikio kinarudi vilevile, na kazi yangu ni kuhakikisha kikirudi kinasikika tofauti ingawa maneno ni yaleyale. Katika ule wimbo wa viatu, kiitikio kilikuwa "havijaondoka". Baada ya ubeti wa kwanza lilikuwa ni tumaini: viatu vipo, huenda mwenyewe atarudi. Ubeti wa pili ukasimulia nilivyoviweka ndani ya boksi, nikalifunga kwa kamba, kisha nikalirudisha palepale mlangoni. Baada ya hapo "havijaondoka" ilikuwa inanisema mimi. Nikagundua kwamba ubeti wa tatu hauhitajiki. Kama kiitikio chako kinabeba maana ileile kila kinaporudi, usikiguse kwanza. Mara nyingi kinachohitaji kuandikwa upya ni ubeti wa pili.

Umalize wimbo hata kama umeshaanza kuuchukia. Nina nyimbo nyingi nilizozikatisha katikati, na hakuna hata moja iliyonifunza namna ya kufunga wimbo. Ukishaumaliza, uache wiki moja bila kuusikiliza, kisha umwimbie mtu mmoja unayemwamini. Usimweleze kabla unahusu nini, na usimuulize kama ni mzuri, kwa kuwa atakujibu kwa upole. Imba tu mpaka mwisho, na kiitikio kinaporudi mara ya pili, itazame midomo yake.