Mwanangu, nionyeshe mchoro kwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, nikamsomea na mama yako, naye amekwisha kujibu kabla yangu: ukubali, urudi Kivu, uachane na nauli za ndege za Lubumbashi. Yeye ana sababu zake. Mimi umeniuliza kama kazi ya kusimamia ujenzi wa shule kule Kalehe, na lile shirika la msaada, ni kazi ya maana au utapoteza mwaka mzima. Umeuliza mshahara, barabara, na kama wanakijiji watamsikiliza injinia mwanamke. Watakusikiliza, hilo halinikoseshi usingizi. Langu ni hili: pale shantiye, mahali pa ujenzi, nani ana ruhusa ya kusema “simameni” na kazi ikasimama? Lisake hilo kwenye mkataba kabla hujasaka mshahara.

Unaikumbuka ile maternite, nyumba ya kuzalia, ya Walungu. Ndiyo kazi niliyokuwa nikirudi nayo Jumamosi na udongo mwekundu mpaka magotini, yaya yako, mkubwa wako, akagoma kunifulia suruali. Mlijua nalipwa vibaya. Mengine sikuwaambia.

Ulikuwa mwaka uliofuata tetemeko. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, ulipokimbilia nje na kiatu kimoja. Walisema lilikuwa la 5.9. Ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, wengine liliwaulia kanisani. Siku zilizofuata nilizunguka Bagira na Kadutu, hapa Bukavu, nikitazama nyumba zilizopasuka, na nyingi zilikuwa na ugonjwa mmoja: pembe zilifunguka. Ukuta huu umeinama huku, ule kule, na pale walipotakiwa kushikana hapakuwa na chuma hata kimoja. Nyumba ni pembe, mwanangu. Nimekuambia tangu uko darasa la tatu, na maprofesa wako wote hawajanikanusha.

Basi mwaka huo ninapewa mchoro wa maternite na injinia kijana wa shirika lililoijenga. Msingi wa mawe, sawa. Matofali ya kuchoma, sawa. Linto, zile boriti za juu ya milango na madirisha, halafu moja kwa moja mbao za paa. Shenaji ya juu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta zote na kuzifunga pamoja, hamna. Nikamuuliza. Akasema ilikuwepo kwenye mchoro wa kwanza, ikatolewa bajeti ilipopunguzwa. Nikauliza ni nini kingine kilitolewa. Kimya. Kibao cha barabarani chenye majina ya wafadhili hakikutolewa. Sherehe ya ufunguzi haikutolewa. Karatasi nilikuwa nimeziona, maana kapita, msimamizi wa mafundi kama mimi, huachiwa mezani karatasi nyingi na watu wanaodhani hajui kusoma.

Na mchanga? Ulitoka bondeni, mtoni. Wanawake waliupandisha mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama wanavyobeba mizigo hapa mjini. Wengine walikaa chini wakiponda mawe kwa nyundo mpaka yawe kokoto. Kwenye karatasi yote hayo yaliitwa mchango wa jamii. Mimi na mabega yangu yote nisingeutoa mchango ule hata Jumatatu moja.

Kuta zilipofika juu nikasema paa sipandishi. Injinia akaniambia atatafuta kapita mwingine, na kweli hawakosekani. Nikawatuma vijana wachimbe mifereji ya maji ya mvua, ili shantiye isionekane imelala. Tukachimba mifereji mirefu sana, nakuambia.

Ndipo wageni wa shirika wakaja kupiga picha. Walitaka wapange mstari na kupokezana matofali, lakini kuta zilikuwa zimekwisha! Ikabidi rundo lililobaki lihamishwe kutoka upande huu wa uwanja mpaka ule. Wamama walikaa kwenye majani wakicheka ndani ya vitenge vyao. Mzee mmoja Mbelgiji hakuingia kwenye mstari. Alipanda ngazi, akapitisha kiganja juu ya ukuta mpaka kwenye pembe, akashuka, akapanda upande wa pili, akafanya vilevile. Akaniuliza kwa Kifaransa: “Shenaji iko wapi?” Nikamjibu: “Iko barabarani, kwenye kile kibao.”

Hakucheka. Alikuwa masoni, fundi wa kujenga kuta, maisha yake yote kabla ya kustaafu. Mikono ile huwezi kuikosea. Nikasikia sauti zinapanda kule kwenye magari, na wiki iliyofuata vyuma vikafika.

Ile siku ya kumwaga zege ningeirudia kesho, hata na goti hili. Vyuma vinne vya milimita 10, vipete vya kuvifunga tumevikunja wenyewe kwenye ubao wenye misumari. Kwenye kila pembe chuma hakiishii pale, kinageuka na kulalia mwenzake nusu mita. Kijana mmoja alitaka kukata pembeni ili amalize haraka, nikamfanya aanze upya. Simenti mifuko 7 ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo, bila kuibia. Tulianza alfajiri, tukazunguka jengo lote bila kukatiza, na mstari wa mabeseni ulikuwa wa wamama wale wale, wakiimba kwa Mashi, lugha ya huko. Kisha majani ya migomba juu, na maji kila siku kwa wiki nzima.

Halafu ufunguzi. Mama yako alinipigia pasi lile koti la harusi. Kulikuwa na hema na viti vya plastiki, kila kiti na jina la mtu, na kamba mbele yetu. Nilisimama juani nyuma ya kamba pamoja na wabeba mchanga. Mkubwa mmoja akasoma hotuba akamshukuru injinia kwa kuona mbali na kuongeza shenaji. Injinia akapiga makofi pamoja na watu wengine. Jioni mama yako aliuliza ilikuwaje, nikasema ilikuwa vizuri. Nikimsomea barua hii atajua leo.

Sasa injinia nimwite mtu mbaya? Huyohuyo ndiye aliyeniita baadaye Nyangezi, kisha Katana, na pesa hiyo ndiyo iliyolipa minervali, ada yako ya shule, mpaka ukapata diploma. Alikuwa kijana, alikuwa na wakubwa, aliogopa. Mimi mahali pake ningesema kweli. Nadhani ningesema. Mtu akiwa nyuma ya kamba ni rahisi kuwa jasiri. Na wale wa picha pia, siwezi kuwacheka sana: bila pesa yao wanawake wa kilima kile wangeendelea kuzalia chini ya turubai. Kinachonichoma ni kwamba yote yalitegemea mzee mmoja kuamua kupanda gari siku ile. Angeumwa tumbo, watoto wangezaliwa chini ya pembe zilizo wazi, na hotuba ingekuwa ileile.

Nilipita huko juzijuzi. Rangi imekwisha, kibao hakipo, nadhani kimekuwa mlango wa banda la mbuzi la mtu. Nilizunguka pembe zote nne. Hakuna ufa.

Kwa Kalehe pembe hazitoshi. Umeona yaliyopata Bushushu na Nyamukubi mwezi wa Mei 2023, maji na mawe vilivyoshuka na vijiji. Uliza nani alichagua kile kiwanja, na mto ulipita wapi siku ile. Waulize wazee, usiulize ofisi peke yake.

Mama yako amesimama hapa nyuma ananisukuma niandike ndiyo. Siandiki. Ukinibana ningesema… hapana, siandiki, maana siku mambo yakiharibika utasema Baba ndiye aliyenituma. Mtumie yaya yako ule mchoro kwa simu, auchapishe kwenye karatasi kubwa, macho yangu unayajua. Atie na mkataba. Na bajeti, kurasa zote, hata zile wanazosema hazikuhusu.

Baba yako
Bagira, Bukavu