Moli ilivyonitoa jasho kidato cha nne

Swali la mtihani wa moko lilikuwa la titresheni, yaani kumwaga asidi kidogo kidogo kwenye besi mpaka zimalizane: mililita 25 za sodiamu kaboneti yenye 0.1 M zimemalizwa na mililita 20 za asidi hidrokloriki, tafuta molariti ya asidi (moli ngapi kwa kila lita, ndiyo hiyo M). Nikakokotoa chap chap, nikapata 0.125 M, nikafunika karatasi nikijiona profesa. Jibu ni 0.25.

Nilipojikwaa ni hapa:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Ile 2 mbele ya HCl niliiandika kwa mkono wangu, kisha nikaipita kama siijui. Kaboneti ilikuwa moli 0.0025, na kila moli yake inakula mbili za asidi. Kwa hiyo asidi ni moli 0.005, ugawe kwa lita 0.02. Mimi niligawa ileile 0.0025. Fomula zote nilizikariri kama sala, ila moli yenyewe ni mdudu gani sikujua.

Nilikuja kuielewa siku fundi aliponituma misumari. Kilo moja ya inchi 4 unapewa michache, kilo moja ya inchi 2 inajaa mfuko. Muuzaji hahesabu, anapima. Lakini fundi anapigilia mmoja mmoja, shida yake ni idadi. Kemia ni hivyohivyo: mizani inapima gramu, moli inahesabu chembe. Gramu 4 za sodiamu haidroksaidi ni moli 0.1, maana moli yake moja ni gramu 40. Gramu 4 za gesi ya hidrojeni ni moli 2. Mizani haioni tofauti, kumbe idadi imepishana mara 20! Na vitu hivi vinaungana kwa idadi, si kwa gramu. (Ile 6.02 × 10²³ ni idadi ya chembe kwenye moli moja, wewe kariri tu, haina mjadala.)

Basi mdogo wangu, kabla hujagusa kikokotoo, sawazisha mlinganyo na uzungushie duara namba za mbele. Geuza ulichopewa kiwe moli, vuka kwa uwiano, ndipo urudi kwenye gramu au molariti.

Kwenye praktiko, toa kipovu cha hewa kilichonasa kwenye ncha ya bureti (ule mrija mrefu wenye koki), na usomaji wa kwanza wa kubahatisha usiuingize kwenye wastani. Ukitumia methili orenji kama kiashiria (kinachobadili rangi asidi inapotosha), asidi ikiwa kwenye bureti, njano ikigeuka rangi ya chungwa funga koki hapohapo. Ukiona pinki umeshapitiliza. Mwaga, suuza chupa, anza upya.