Gari ya juu ya mawe: kabla hujaipaka rangi, ingia uvunguni

Kila baada ya siku chache kijana mmoja hunijia na picha kwenye simu. Prado ya zamani, ipo juu ya mawe shamba, mwenyewe kahamia ng'ambo na ndugu zake wanataka kuiondosha uani. "Kaka, niichukue?" Nami humuuliza: uvunguni umeingia? Aghalabu hajaingia. Amekaa kwenye kiti, amefunga mlango akasikia ule mshindo mzito, basi moyo umeshakwenda.

Simcheki, kwa sababu na mimi ndivyo nilivyonunua yangu. Ni KZJ95, ya milango mitano, injini ya dizeli 1KZ-TE ya lita 3, katika zile Prado zilizotoka kati ya 1996 na 2002. Niliikuta Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, chini ya mti wa mkungu, miaka mitatu haijasogea, matairi yote yamelala, na bahari unaisikia pale ulipo. Leo inakwenda Nungwi na kurudi bila ya mimi kuomba dua njiani. Lakini pesa za mwanzo nilizitupa, na ninayoandika hapa ni kwa anayeanza asizitupe zake palepale.

Kwanza kutu. Watu wa bara wakinunua gari kuukuu husikiliza injini. Huku kwetu injini ni jambo la pili, kwani injini utaipata hata ya mtumba kutoka Dar, lakini chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari nzima, ikioza huna pa kuipeleka. Chukua bisibisi ndefu, nyundo ndogo, tochi na gunia la kulalia. Gonga chesisi yote kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinajibu bubu. Ukifika nyuma, pale chesisi inapopanda juu ya ekseli na pale mikono ya ekseli inapofungwa, punguza haraka. Chesisi hii ni boksi, ndani ina uwazi, na matundu ya kutokea maji huziba kwa mchanga na udongo. Basi inaoza kutoka ndani, nje rangi ipo vilevile. Yangu niliigonga pale upande wa kushoto, sauti ikawa nzito, nikaweka ncha ya bisibisi na kusukuma kwa kiganja. Ikaingia kama kijiti kwenye boflo lililorowa chai. Nilipoichomoa ikamwagika vumbi nyekundu na mchanga mweupe wa pwani, kiasi cha kikombe.

Tundu moja la namna hiyo linatibika. Yakiwa matatu au manne karibu na vifungo vya ekseli, rudi nyumbani na pesa zako. Na ukiwa na hiari, tafuta gari iliyokaa Mwera au Dunga, ndani ya kisiwa, kuliko iliyokaa pwani ya Paje au Makunduchi miezi yote ya kusi ikipigwa na upepo wa chumvi.

Mchomeleaji naye umsimamie. Yule wa kwanza niliyempa alitaka kubandika bati juu ya palipooza, amalize kabla ya adhuhuri. Bati jipya juu ya kutu ni kanga mpya juu ya kidonda. Palipooza pakatwe mpaka chuma kizima kionekane, ndipo kipande kitiwe, na unene wake usipungue wa chesisi yenyewe. Kabla hajagusa, ondosha waya za betri: pampu ya dizeli ya injini hii inaongozwa na kompyuta, na umeme wa kuchomelea hauchagui pa kupita. Kisha brashi ya waya, rangi ya zinki, na ndani ya boksi upulizie nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu kupitia yale matundu, ambayo umeshayazibua. Wengine watakwambia pulizia oili chafu uvunguni, ni bure. Kwenye chuma inasaidia kidogo, ila inalainisha bushi za mpira zikavimba, na ukija kuzibadilisha zote utajua kama ilikuwa bure.

La pili: usiiwashe. Najua inawasha mkono. Umekuja na betri ya kuazima na wenzako wamesimama wanatazama. Ami yangu, aliyefanya ufundi tangu enzi za Land Rover za serikali, alinizuia mkono: "Mwanangu, maiti haamshwi kwa kupigwa kofi." Tukafungua boneti. Juu ya injini panya wamejenga kwa makumbi ya nazi, waya mbili wamezitafuna mpaka shaba, na kwenye bomba la moshi dondora wamekaa wao na watoto wao. Mkanda wa taiming, ule unaozifanya vavu ziende sawa na pistoni, haukuwa na historia yoyote. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na taa yake ipo kwenye dashibodi, lakini taa ile fundi anaweza kuizima bila ya kubadilisha kitu. Mpira unazeeka hata gari ikiwa imelala. Ukikatika kwenye dizeli, pistoni na vavu zinakutana, na hapo umenunua injini nyingine. Kwa hiyo mkanda mpya kwanza pamoja na beringi yake ya kukaza, ndipo stata.

Dizeli ya zamani nayo imwagwe yote. Tangi lililokaa nusu hutoa jasho ndani, maji yakatuama chini. Badilisha filta, na jifunze kile kizibo cha chini yake cha kutolea maji na ile pampu ya mkono juu yake ya kutolea hewa. Utavitumia tena.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo 1KZ nyingi zinapofia. Bloku yake ni chuma, hedi yake, ile sehemu ya juu yenye vavu, ni aluminiamu. Ikichemsha mara moja tu vibaya, hedi inapasuka nyufa ndogo baina ya vavu, na gesi inaanza kuingia kwenye maji. Anayeuza atakwambia "gasketi tu hiyo". Jipimie mwenyewe: asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa, tazama. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Yakiendelea dakika kumi mfululizo, au ukifunga mfuniko mpira wa juu ukawa mgumu mkononi na maji bado ya baridi, hiyo ni hedi. Ikishafunguliwa ipelekwe ikapimwe kwa presha kabla ya kurudishwa. Mimi nilimwamini fundi mmoja, akanitilia gasketi mpya juu ya hedi yenye ufa. Nilifika Jozani. Nikarudi kwa kamba.

Na chanzo cha yote? Maji ya kisima. Unguja yetu, khasa upande wa mashariki, ni mawe ya matumbawe, na maji yanayopita humo yana chokaa. Tazama ndani ya birika la bibi yako. Ule ukoko mweupe ndio uliomo ndani ya rejeta ya gari iliyojazwa kwa kopo miaka kumi. Yangu nilipoifungua yalitoka maji ya rangi ya mchuzi wa pweza, na rejeta ilipopasuliwa juu, tundu karibu nusu zilikuwa zimeziba. Nikanunua rejeta mpya, mfuniko mpya, mipira yote, nikasafisha injini kwa maji mengi, halafu kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Tangu hapo kopo la kisimani halijagusa gari ile.

Utasikia pia kwamba thamostati, ile vavu ya maji inayofunguka kwa joto, iondolewe kwa sababu kwetu joto. Usikubali. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka kwenda kwenye rejeta huziba njia fupi ya maji kurudi kwenye injini. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila ya kupita kwenye rejeta, na siku ya mlima na mzigo ndiyo siku inachemsha. Feni nayo ijaribu: injini ikiwa ya moto, izime, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka huru kama ya mezani, mafuta ya ndani ya klachi yake yamekwisha. Wala usiutegemee mshale wa joto wa dashibodi. Unakaa katikati muda mrefu hata joto likipanda, na ukija kunyanyuka, umechelewa. Mimi nimefunga geji nyingine, ndogo, yenye tarakimu. Mke wangu ananicheka kwamba naitazama kuliko njia.

Miguu. Prado za kizazi hiki boljointi ya chini ya mbele, kile kiungo kinachoshika gurudumu, imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta ichomoke. Ikilika haikupi kelele za kutosha. Siku moja gurudumu linalala ubavuni na gari inaburura. Iwapo hujui zimebadilishwa lini, badilisha zote mbili, na hapa usinunue za bei rahisi. Shokapu zinaweza kusubiri, hizi haziwezi.

Breki, mafuta yake yanavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu unyevu haukosi. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140. Mwaga yote, tia mpya, fungua kalipa uone kama pistoni zimeganda, na fuatilia ile bomba ya chuma inayokwenda nyuma kwa vidole, urefu wake wote. Yangu ilikatika mkononi.

Umeme wa gari ya pwani unasumbua watu bure. Taa zinafifia, stata inagoma, mtu ananunua alteneta. Anza na waya za ethi: betri kwenda bodi, injini kwenda bodi. Fungua, piga msasa mpaka shaba ing'ae, funga, paka girisi. Robo tatu ya vituko vyangu viliishia hapo.

Rangi, rimu, viti vya ngozi: utakapopata pesa.

Spea agizia kwa nambari ya chesisi, usiagizie kwa macho wala kwa kumwambia dereva wa boti "ya Prado". Boti ikiondoka na kitu kisicho chako, ni siku mbili nyingine gari iko juu ya jeki. Na weka daftari ndani ya gari. Tarehe, kilomita, nini kimebadilishwa, kimetoka wapi. Langu lina madoa ya girisi kila ukurasa, na fundi akianza kubahatisha namfungulia.

Ukishuka nayo ufukweni, ioshe uvungu kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile. Mwisho wa masika mimi hulala tena kwenye gunia na bisibisi yangu. Mwaka huu nimekuta pameanza kuchubuka karibu na kifungo cha bampa ya nyuma, padogo kama sarafu. Nimepasugua na kupaka. Dirisha la nyuma kushoto bado halishuki. Nimeliandika kwenye daftari.